Makaburi Tumeshayachukua

Ukimwona Tupokigwe anaandika kwa mkono wa kushoto, usimuulize kama alizaliwa hivyo. Mimi niliwahi kumkunja mtu shati pale Tunduma kwa swali hilo hilo. Vidole vyake vitatu vya kulia vilibaki bondeni Galula mwaka 2014, na vilibaki kwa sababu ya mdomo wangu. Naitwa Masudi, dereva wa bodaboda. Nina hasira za karibu na maneno mengi, na siku ile vyote viwili walivilipia wengine.

Tupokigwe ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Isansa. Alimaliza kidato cha nne, akarudi shambani kuchuma kahawa na mama yake hadi serikali ilipotangaza kazi ya ramani. Wakati huo Songwe haijawa mkoa, sote tulikuwa Mbeya. Watu wa maji walikuwa na ramani yao, wa afya yao, wa ardhi yao, na hakuna aliyemwuliza mwenzake. Ramani mojawapo ilikuwa imelitupa soko la Tunduma ndani ya Zambia! Sasa wakataka ramani moja ya mkoa mzima, iwekwe kwenye mtandao, kila ofisi iingize vyake na kila mwenye simu aione. Wa kutembea na kidude cha GPS kijiji kwa kijiji, asimame penye kila kitu na kubonyeza, alikuwa yeye. Wa kumbeba nilikuwa mimi.

Kubonyeza huko wenyewe wanaita kuchukua pointi. Ukifika shule, unachukua shule. Ukifika zahanati, unachukua zahanati. Baada ya miezi miwili na mimi nikawa mtaalamu wa mdomo.

"Leo tumechukua nini, dada Tupo?"

"Makanisa matatu na josho."

Tunacheka, tunawasha pikipiki, twende.

Kijiji chenyewe sikitaji, wana aibu yao ya kutosha. Ramani ya zamani ilikionyesha kuwa pori tupu. Kaya mia mbili, eti pori! Na walikuwapo watu wa dhahabu kutoka upande wa Saza walioomba eneo lote wachimbe, na ombi lao lilikuwa liamuliwe Ijumaa. Sisi tulifika Jumatano. Aliyetuita ni mzee Fanueli, mtunza makaburi ya ukoo, aliyempigia Tupokigwe simu wiki nzima.

"Mwanangu," alimwambia, "ikifika Ijumaa hatumo kwenye ramani yao, katapila litapita juu ya baba yangu."

Alitutembeza makaburini mwenyewe, akimtaja kila aliyelala pale na tabia yake. Huyu alikuwa mchoyo, huyu aliimba vizuri. Tupokigwe alibonyeza, kisha akaandika kwenye daftari jina na namba za mahali pale kama kidude kilivyozionyesha, kwa sababu betri hazikuwa za kuaminika. Yalikuwa makaburi thelathini na mawili. Walipoanza kuhesabu nyumba za jirani na makaburi, mimi nikaenda kutafuta chai.

Kibandani kulikuwa na vijana wanne. Mmoja akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Wewe ni wa wale wa Saza?"

Nilikuwa na njaa, jua linawaka, na jamaa anauliza kwa dharau. Ningesema tu, hapana ndugu yangu, karibu chai. Lakini Masudi ni Masudi.

"Uliza kwa adabu," nikamjibu. "Makaburi yenu tumeshayachukua yote. Jioni tunachukua kisima, kesho shule. Mzee Fanueli ndiye aliyetukabidhi."

Wallahi sikuona ubaya wowote. Ndiyo lugha yetu ya kazi. Vijana waliinuka wakaacha vikombe vyao vimejaa, nami nikaona, safi, wamejua adabu.

Sikuwa nimemaliza andazi nikasikia yowe. Bondeni kule yowe haliulizwi, linafuatwa. Wanaume walitoka mashambani na mapanga, wanawake na mawe ndani ya kanga. "Fanueli kauza makaburi! Kawauzia wa Saza!" Pikipiki yangu ilimwagiwa petroli yake yenyewe ikawashwa. Nikachomoa spana nikakimbia kuelekea makaburini, na wa kwanza aliyenizuia nilimvunja taya. Hilo nalo nalisema, maana walipoona damu ya mwenzao ndipo walipochachamaa kabisa.

Nilimkuta mzee Fanueli amesimama mbele ya Tupokigwe na mikono ameitanua.

"Wanatuandika!" alikuwa anapiga kelele. "Hawachukui kitu, wanatuandika!"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. La pili sikuliona, niliona tu ameanguka, wakamfuata pale chini kwa marungu, watu aliowabeba mgongoni walipokuwa watoto. Waliendelea kumpiga akiwa ameshakufa. Kidude cha GPS walikisaga kwa shoka. Kisha mmoja akaliona daftari ambalo Tupokigwe alikuwa amelikumbatia kifuani, akainua panga. Tupokigwe hakuliachia. Alikinga kwa mkono wa kulia.

Mgambo wa kata walifika wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Mimi nilikuwa nimelala chini na mbavu zangu mbili zimevunjika, nikimtukana kila mtu na mama yake. Nilikuwa nalia pia.

Ijumaa asubuhi, hospitalini, Tupokigwe aliomba kompyuta ya ofisini iletwe kitandani. Mkono ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko na jasho la maumivu linamtiririka.

"Masudi, nisomee."

"Dada Tupo, waache!" nikafoka. "Walimuua mzee wa watu! Katapila na liwafukie wote!"

"Aliyetuita ni mzee Fanueli. Soma."

Kurasa zilikuwa zimegandamana kwa damu. Nilizibandua moja moja nikasoma jina, nikasoma namba, naye akagonga kwa kidole kimoja cha kushoto. Saa saba mchana kijiji kilikuwa kwenye mtandao, nyumba zilizokwisha kuhesabiwa na makaburi thelathini na mawili. Ombi la wachimbaji lilikataliwa. Ofisini walisema hapakuwa pori tena.

Ulimi huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwingine. Miezi minne sikumwambia Tupokigwe niliyoyasema kibandani. Siku moja nikamwambia. Aliinuka akavaa kofia ngumu akasema twende Galula.

Mjane wa mzee, mama Alinanuswe, alikuwa anapura maharage. Alituona akaacha fimbo yake.

"Mmekuja kuchukua nini tena?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye maganda. "Shikamoo mama. Neno lile lilitoka kwangu. Dada huyu hana kosa, wala mzee hakuuza kitu. Ni mdomo wangu mimi."

Hakuitikia shikamoo yangu. Alinitazama mpaka nikatamani anipige kwa ile fimbo, lakini hakunipiga. Alimshika Tupokigwe ule mkono wenye vidole viwili, akampeleka makaburini, mimi nikifuata nyuma. Udongo wa kaburi la mzee ulikuwa bado haujashuka. Tupokigwe alitoa kidude kipya, na kwa mazoea ya kazi akaanza kusema, "Mama, naomba nimchu..."

"Kumchukua mlishamchukua," mama akasema. "Mwandike."

Tupokigwe akafungua daftari, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mama alimtajia majina yote matatu ya mumewe, taratibu, akingoja kila moja limalizike kuandikwa.