Nyimbo Zilizoingia kwa Meno

Wanasema lisemwalo lipo. Lakini lililopo mara nyingi ni dogo na safi kuliko lisemwalo, na kwa kuwa mjane wa Fundi yu hai, ana miwani yake na akili zake zote, yafaa mambo yawekwe sawa kabla hayajaota mizizi.

Kwanza, Fundi hakuwahi kula redio. Pili, hakurukwa na akili, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Tatu, mkewe hakumfungia ndani. Pazia alilifunga, hilo ni kweli, na litaelezwa mahali pake.

Fundi alikuwa fundi wa meno ya bandia. Miaka thelathini na minne alifanya kazi katika chumba cha nyuma cha zahanati ya meno, chumba chenye dirisha moja, meza iliyobabuka kwa moto wa taa ya spiriti, na rafu tatu za taya za plasta, kila taya na namba yake. Wagonjwa walimjua daktari aliyewavika meno. Yule aliyeyapanga moja moja kwenye nta, akayazika kwenye plasta, akaiyeyusha nta kwa maji ya moto, akajaza plastiki mahali pake na kuisugua mpaka ikang'aa, hawakumjua, naye hilo halikumnyima usingizi.

Alikuwa na tabia moja kazini. Hakupanga meno yote yakanyooka kama askari wa gwaride. Daima alilipinda jino moja kidogo, au akaacha mwanya mwembamba kama uzi. Daktari mpya alipomuuliza sababu, alimjibu, "Mdomo usio na kasoro ni wa mwanasesere, Daktari. Huyu mama anataka kucheka." Na wenye meno yake walicheka mbele za watu, wasijulikane kuwa ni ya bandia.

Sasa, nyimbo. Tangu ujanani, kila Alhamisi jioni, Fundi alikuwa akitega redio ya masafa mafupi kusikiliza kipindi kimoja kutoka mbali sana. Mtangazaji wake alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na alipiga bendi ambazo hata kwao hazikujulikana: vijana wanne na magitaa yao katika gereji ya mzazi wa mmoja wao, ngoma zimefunikwa blanketi ili majirani wasilalamike. Roki ya watu wasio na kampuni nyuma yao, waliojirekodi wenyewe na kujisambazia wenyewe. Fundi aliwanasa kwenye kaseti kwa kuiegemeza rekoda kwenye redio, ndiyo maana katika kaseti zake magitaa yanakwaruza na maji ya kuyeyushia nta yanachemka humo humo.

Majina ya nyimbo yalimpita, kwa hiyo alizibatiza mwenyewe. Ndani ya mlango wa kabati la kazini aliandika kwa penseli orodha ya nyimbo kumi na moja azipendazo kuliko zote, akawa anaifuta na kuipanga upya kadiri moyo ulivyogeuka. Kulikuwa na Lifti Imekwama, wenye gitaa linalopanda na kushuka pale pale bila kufika. Kulikuwa na Dada wa Ngoma, uliopigwa na msichana aliyepiga ngoma kana kwamba anazidai jambo. Kulikuwa na Shemeji Kaondoka na Mwavuli, ambao Fundi aliapa kwamba unahusu hayo hasa, na hakuna aliyeweza kumbishia. Zilipanda, zilishuka. Wa kwanza haukubadilika: Kikohozi. Uliitwa hivyo kwa sababu kabla gitaa halijaanza mwimbaji anakohoa, kikohozi kidogo cha mtu mwenye haya, na wenzake hawakukifuta.

Mkewe alikuwa mwalimu wa sarufi, baadaye mwalimu mkuu, mtu wa kwaya na wa mistari iliyonyooka. Walipooana na kaseti zikaingia nyumbani kama mawifi, alivumilia juma moja.

"Huyu anaimba au anaumwa?" aliuliza.

"Anaimba kwa sababu anaumwa."

"Basi apelekwe hospitali. Na huyo anayekohoa, hakuna mtu mzima wa kumwambia aanze upya?"

Fundi alicheka. "Mwalimu, mimi kutwa nzima nasahihisha. Jino likizidi hata kwa unene wa unywele, mtu hawezi kula. Nikirudi nyumbani nataka kitu ambacho hakijasahihishwa."

Aliyeishi kwa kalamu nyekundu akaenda kuinjika chai. Tangu siku hiyo palikuwa na mapatano: muziki wa Fundi uliishi sebuleni Jumamosi alasiri, kwaya ya Mwalimu iliishi siku nyingine zote, na binti yao alikua akidhani kila nyumba ndivyo ilivyo.

Masikio ya Fundi yalianza kufunga akiwa na miaka hamsini na sita. Yalifunga kidogo kidogo, kama duka linaloshusha mlango wakati wateja bado wamo ndani. Aliongeza sauti ya redio yake ya kaseti, akaongeza tena. Jumamosi moja aliizima na kumgeukia mkewe aliyekuwa anasahihisha insha.

"Wamekifuta kikohozi," alisema.

"Nani?"

"Sijui. Kaseti imechoka. Wimbo unaanza bila kikohozi."

Mwalimu alikuwa amekisikia, tena waziwazi. Kisha akasema ukweli, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na desturi nyingine. "Kimo, Fundi. Nimekisikia."

Fundi aliitazama redio, akaitazama mikono yake, akasema, "Aha."

Daktari wa masikio alieleza kwamba vifupa vya ndani vimekakamaa, visipitishe sauti. Mshipa wenyewe wa kusikia ulikuwa mzima. Akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kwa maneno kilifaa kiasi, kwa nyimbo kilikuwa balaa: "Kokoto kwenye kopo," alisema, na Jumamosi akawa anakivua na kukiweka kwenye kisahani. Akaacha kuandika kwenye mlango wa kabati.

Dawa aliipata kazini, kwa bahati. Alikuwa ameshika taya ya nta kwa mkono mmoja na taa ya spiriti kwa mwingine, na ule ufito wa chuma wa kuchongea nta ameubana kwa meno, kama mafundi wafanyavyo mikono inapokwisha. Akainama kutazama kazi. Ncha ya ufito ikagusa redio ya kaseti iliyokuwa ikiunguruma rafuni bila yeye kuijali. Mtu akakohoa, gitaa likaingia kwa meno, likapanda kwenye taya, likatua katikati ya kichwa, zima.

Jioni hiyo alifika nyumbani, akavua kofia, akaketi.

"Mwalimu," alisema, "kikohozi kipo."

Akajitengenezea kitu, kikaitwa kijiti. Upande mmoja kilikuwa cha plastiki ya waridi, ile ile ya ufizi wa bandia, chenye umbo kamili la meno yake mwenyewe. Upande wa pili kilikuwa ufito wa chuma uliopigwa msasa mpaka ukawa laini. Aling'ata upande wa waridi, akaegemeza ncha ya chuma kwenye spika, akafumba macho. Mkono mmoja ulishika leso, maana mate hayana adabu. Baada ya miezi michache alistaafu, kijiti kikarudi naye nyumbani, na kwa kuwa sebuleni soketi iliyofanya kazi ilikuwa moja tu, chini ya dirisha, Fundi aliketi pale dirishani, ameinamia redio, kinywa chake kimeishika.

Ng'ambo ya uchochoro aliishi jirani ambaye Fundi mwenyewe alimwita Mama Darubini. Mama Darubini aliona. Kabla jua halijazama, dukani walikuwa wamesikia kwamba Fundi anatafuna redio. Kufikia Jumatano ilisemwa ameshaimaliza na kuanza kula pasi. Mama mmoja wa kamati ya wazazi alimshika Mwalimu mkono kwenye lango la shule.

"Pole sana, Mwalimu. Tumesikia ya mzee."

"Mmesikia nini?"

"Si hayo... ya redio."

"Redio yetu ni nzima," alisema Mwalimu. "Asante kwa kuiulizia."

Alitembea nyumbani amenyoosha mgongo kama rula. Lakini ndani alikuwa ameungua, kwa sababu Jumapili iliyofuata wazazi wa kijana aliyemchumbia binti yao walikuwa waje kwa mara ya kwanza. Jina la nyumba ni kama kitambaa cheupe; Mwalimu alilifua na kulipiga pasi miaka thelathini. Alifika, akafunga pazia la sebuleni. Ijumaa, Fundi akiwa anaoga, alikichukua kijiti akakitia katika droo ya nyuzi na sindano, chini ya vipande vya vitambaa.

Jumamosi Fundi alikitafuta. Alitazama chini ya viti, mifukoni mwa koti, nyuma ya redio.

"Umekiona kijiti changu?"

"Kitakuwa ulipokiweka," alisema Mwalimu, na hilo ndilo neno pekee la kuuzunguka ukweli alilowahi kumwambia mumewe.

Wageni walikuja, wakala, wakasifu. Fundi alivaa kifaa chake cha sikioni, akajibu kila swali, na kwa kutupa jicho mara moja akatambua kwamba meno ya juu ya mgeni mmoja si yake mwenyewe, asiseme. Walipoondoka jina la nyumba lilikuwa jeupe pepepe. Mwalimu angeweza kukirudisha kijiti usiku huo huo. Lakini kukirudisha ni kukiri, na yeye aliyewafundisha watoto elfu kadhaa kusema "nimekosa" aligundua kwamba neno hilo lina miiba. Akasema kesho. Kesho ikawa na kesho yake.

Jumamosi iliyofuata alitoka jikoni akamkuta Fundi dirishani, pazia limefungwa, kaseti inazunguka. Hakuwa ameng'ata kitu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya redio, jinsi mtu anavyopima homa ya mtoto. Alikiweka hapo mpaka wimbo ukaisha, akaigeuza kaseti upande wa pili, akakirudisha kiganja tena.

Mwalimu alikwenda kwenye droo. Alirudi, akakiweka kijiti juu ya goti la mumewe, akasimama mbele yake ili Fundi auone mdomo wake vizuri.

"Nilikificha mimi."

"Najua," alisema Fundi.

"Unajua?"

"Nilikwenda kutafuta kifungo Jumatano. Kijiti kilikuwa chini ya kile kitambaa cha maua."

"Na ukakiacha?"

"Nilikiacha."

"Kwa nini hukukichukua, wewe mtu? Siku zote hizi umekaa hapa kama yatima."

Fundi alikipangusa kijiti kwa leso, polepole. "Nilitaka unipe wewe."

Waliomjua Mwalimu wanajua kwamba halii mbele ya mtu. Hakulia. Alilifunua pazia mpaka mwisho, na dirisha akalifungua, ijapokuwa kulikuwa na vumbi. Ng'ambo ya uchochoro Mama Darubini alikuwa anaanika shuka moja kwa muda mrefu kuliko shuka inavyohitaji.

"Nami nitasikiaje?" aliuliza Mwalimu.

"Wewe una masikio."

"Sijakuuliza nina nini. Nimekuuliza nitasikiaje kama unavyosikia."

Kwa hiyo Fundi alileta vifaa vyake jikoni. Alikoroga uji mzito wa waridi wa kuchukulia umbo la meno, akaujaza kwenye kisahani cha chuma chenye umbo la kwato, akamwambia afungue kinywa. Si jambo dogo. Mwanamke huyu alicheka kwa kufunika mdomo tangu usichana, na mume wake, ambaye vinywa ndivyo vilikuwa riziki yake, hakuwahi kuombwa kuutazama wake. Alifungua.

"Sasa ng'ata taratibu. Usiseme neno mpaka ugande. Dakika tatu."

Alimshika kidevu, macho kwenye saa ya ukutani. Baada ya muda mabega ya Fundi yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Miaka thelathini," alisema, "na hizi ndizo dakika tatu za kwanza."

Mwalimu alimpiga kofi dogo mkononi, maana kujibu hakuweza.

Kijiti cha pili kilikamilika Alhamisi, kina jina la mwenyewe limechongwa ubavuni kwa herufi ndogo. Jumamosi viti viwili viliwekwa dirishani, kimoja kila upande wa redio. Walionekana na uchochoro mzima, watu wazima wawili, kila mmoja na leso yake, wamefumba macho na kuing'ata redio moja. Na hapa ndipo ilipotoka ile habari ya kwamba wazimu unaambukiza. Si wazimu. Walikuwa wanasikiliza Kikohozi. Waliendelea hivyo kila Jumamosi kwa miaka miwili na miezi minne, binti akaolewa katikati ya muda huo na wakwe wakaja wakavikuta vijiti mezani, wakaeleweshwa. Fundi akaugua moyo, akalazwa siku sita, akafa akiwa na akili zake timamu.

Wapo wanaouliza kama ni kweli alizikwa na kijiti chake, na kama mjane bado huketi dirishani Jumamosi alasiri. Wapo pia waliothubutu kuuliza ni upi wimbo aupendao mjane mwenyewe, katika zile kumi na moja. Anao. Anajua kwa nini ni huo, na aliwahi kumweleza mtu mmoja, yule aliyeketi upande wa pili wa redio. Wengine hawataelezwa.