Pampu Mbili na Tumbawe la Baba Mkwe

Wacha niseme bila haya: miaka ile sukari ilipokuwa imenoga, Kabras nzima hapakuwa na fundi wa pampu wa kunishinda. Malori ya miwa yalipanga foleni hadi barabarani, na kazi yangu katika kiwanda cha sukari ilikuwa kuhakikisha maji ya miwa hayalali popote kwenye mabomba. Yakilala, yanachacha. Kwa hiyo tuliyasukuma kwa nguvu, upande mmoja, mbele tu.

Nyumbani, mtaa wa Amalemba, tulikuwa na tangi la kioo sebuleni, la maji ya bahari. Lilikuwa la mke wangu, mwalimu, mzaliwa wa Pwani. Kaka yake alimtumia maji kwa basi, mitungi kwa mitungi, na majirani walikuja kutazama samaki wetu wawili na kuuliza watapikwa lini. Lakini roho ya mke wangu ilikuwa kwa tumbawe moja hai, kubwa kama ngumi. Baba yake, aliyekuwa na kibali cha kuuza samaki wa mapambo, alimpa siku ya harusi yetu. Mzee alifariki mwaka huo, na hakumwachia kitu kingine.

Pampu ya zamani ilipoungua nikamwambia, "Hilo niachie mimi." Nikafunga mpya, yenye nguvu mara tatu, nikailenga kwenye tumbawe moja kwa moja. "Ona sasa! Hata uchafu hauna pa kukaa."

"Mume wangu, maji ya baharini hayaendi hivyo," alisema. "Huenda mbele, yakarudi."

"Maji ya kurudi ni ya pampu mbovu," nikamjibu. Kichwa ngumu, sikatai.

Haikupita wiki, tumbawe likakunja vidole vyake laini, vile linavyonasia chakula majini, na kukataa kuvitoa. Mimi nikadhani halipati maji ya kutosha, nikaisogeza pampu karibu zaidi. Siku tatu baadaye, nikiwa nakula obusuma, ugali wetu, nikamsikia mke wangu akiguna kama aliyechomwa. Upande uliotazama pampu nyama ilikuwa imebanduka, mfupa mweupe uko nje. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba anakufa mara ya pili," akaingia jikoni. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Jumamosi nzima nilichutama mbele ya kile kioo. Nilinunua pampu ndogo mbili, nikazifunga moja ncha hii na nyingine ncha ile, nikazielekeza kwenye kioo ili maji yagonge na kutawanyika kabla ya kulifikia tumbawe. Nikaunga swichi ya saa: hii ikifanya kazi ile inapumzika, kisha zinapokezana. Halafu nikamwita mwenye tangi, mke wangu. Akatia mkono majini, akafumba macho.

"Punguza ya kushoto," akasema. Nikapunguza. "Ee, hapo hapo."

Tulingoja siku saba. Asubuhi ya nane, Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, upande uliosalia mzima ulianza kutoa vidole, kimoja kimoja, vikayumba huku na huko. Upande ule mwingine ulibaki mweupe, na nilijua hautapona. Nikasimama pale na tai yangu mkononi, nikamwambia mke wangu neno ambalo sikuwahi kumwambia msimamizi yeyote kiwandani: "Nilikosea."

Akapangusa machozi, akanitazama juu mpaka chini.

"Sema tena," akasema. "Samaki hawakusikia."