Rundo la Mbolea la Mama Tshibola

Mama Tshibola alikuwa mkali, na ukali wake wote aliumalizia kwenye takataka. Nyuma ya nyumba yake hapa Manika, mtaa wa wachimba shaba, kulikuwa na rundo la mbolea, kando ya mgomba, na ole wako ulitupie kitu bila kuuliza. Maganda ya mihogo, sawa. Majani ya viazi vitamu, maganda ya mayai, kinyesi cha kuku, majivu kiganja kimoja, sawa. Lakini mifupa, vichwa vya samaki, mafuta yaliyobaki chunguni, plastiki, hapana.

"Mama Henriette, usitupe mufupa mule," alimwambia jirani yake karibu kila siku, kwa kuwaogopa mbwa wa mtaani. "Mufupa inaita bambwa, na bambwa banachimbula yote."

Henriette, mzaliwa wa kaskazini mwa Katanga, alicheka tu. Mgodi ulipoporomoka na mishahara ikakauka, hakucheka tena. Lengalenga, mchicha wetu wa huku, iliyoota kwenye mbolea ile ililisha nyumba zote mbili.

Kisha vijana wakaanza kupita wakiimba kwamba watu wa Kasai, jimbo la jirani, warudi kwao. Mimi hadi leo sielewi, na bado inaniudhi. Kalombo, mume wa Tshibola, alizaliwa hapa. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Tshibola naye alizaliwa hapa hapa. Kurudi ni kwenda ulikotoka. Sasa wao warudi wapi? Lakini mwenye nguvu mpishe. Wakaambiwa siku ya treni ya kuwapeleka Kasai.

Badala ya kufunga vyombo, mama Tshibola alishika jembe akaanza kulibomoa rundo lake. Henriette alimkuta amepiga magoti, mikono yote imo ndani.

"Mama, unatafuta nini?"

"Kitovu ya Mukendi. Mutu akihama kabisa, anaenda na kitovu ya batoto. Mama yangu alinifundishaka vile. Nilizikaka hapa, chini ya mugomba."

Mukendi, mtoto wake wa mwisho, alikuwa amesimama pale pale na ndevu zake, hajui amsaidie mama au amzuie. Mwishowe akachukua jembe. Walipata kijiko, kopo la sardini na kipande cha sandali. Vile vyote visivyotakiwa vilikuwepo, vizima kabisa. Kitovu hakikuwepo.

"Ilishaoza, mama," Henriette alisema taratibu. "Ilikuwa mbolea. Tuliikulaka mu lengalenga."

Mama Tshibola alikaa chini. Alichanganyikiwa, na sisi majirani tulichanganyikiwa pamoja naye; hakuna aliyejua kama hapo mtu hucheka au hulia. Kwa kuwa hakujua ni udongo upi ulio wa mwanawe, alijaza mfuko mzima.

Tuliwasindikiza hadi stesheni. Kijana mmoja aliyekuwa akikagua mizigo aliufungua mfuko, akaunusa, akaumwaga juu ya mawe ya reli.

"Udongo ya Katanga haitoke," alisema. "Enda kwenu, mama."

Tulidhani mama Tshibola atamkemea, maana tulimjua. Aliutazama udongo, akamtazama Mukendi, kisha akamshika yule kijana mkono, kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao.

"Ile ndiyo nakuuliza, mwanangu," alisema. "Kwetu ni wapi?"