Nzi Waliovaa Kofia

Babu yangu mzaa baba alirudi kutoka vita vya Burma na hadithi moja tu, na hiyo moja hakuna aliyeiamini. Wenzake walisimulia risasi na mito iliyofurika. Yeye alisema kwamba jioni moja kambini Wazungu walitundika shuka jeupe kati ya miti miwili, wakawasha mashine, na juu ya shuka wakatokea nzi. Nzi wamevaa kofia za jeshi. Wanapiga gwaride, kushoto kulia, wanaenda kuvamia sufuria ya mpishi aliyesahau kuifunika. Ukimuuliza kama walikuwa nzi wa kweli, anakwambia hapana, wa kuchorwa. Ukimuuliza mchoro unatembeaje, anakasirika na kuomba maji ya kunywa.

Hadithi ile ilimharibia jina hapa Hombolo. Siku moja aliitwa kutoa ushahidi wa mpaka wa shamba, mpaka anaoujua tangu utoto. Akaeleza vizuri, mti kwa mti. Alipomaliza, mtu mmoja akauliza: "Huyu si ndiye wa nzi wa kofia?" Watu wakacheka na ushahidi ukaishia hapo. Tangu siku hiyo babu alikuwa na haja moja duniani, na aliisema waziwazi kwa yeyote aliyemletea ugali: aaminiwe kabla hajafa.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa mtani wake, Mnyamwezi mstaafu wa reli aliyeamua kuzeekea kwetu. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema hata siku ya msiba wako, ukiwa umelala pale huwezi kujibu.

"Mbukwa, Mgogo," anamsalimia kwa Kigogo akiingia uani. "Nzi wako hawajambo? Hawajapandishwa cheo?"

"Wamekuulizia," babu anamjibu. "Wamesikia harufu yako tangu njiani."

Wanacheka, wanakunywa, mtani anaaga. Halafu babu anauacha mlenda wake upoe. Matani ni matani, lakini yalikuwa yanamuuma. Mimi yaliniuma zaidi, kwa sababu nilimpenda babu yangu na hata mimi sikumwamini.

Ukaja wakati wa ruksa. Serikali ikafungulia biashara, kila mwenye shemeji mjini akawa mfanyabiashara. Mume wangu akaleta televisheni, deki na jenereta, akajenga kibanda cha video. Yeye alikuwa na mtaji, mimi nilikuwa na mdomo, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Unakaa kando ya televisheni na maikrofoni, picha inakwenda, unawaambia watu wanachosemeshana Wachina. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, maana yake hakikuwapo. Kichina tusikitaje. Hakuna mteja aliyelalamika. Walilalamika nikinyamaza tu.

Safari moja mume wangu alirudi kutoka Dar es Salaam na boksi la kanda kuukuu alizouziwa kwa jumla bila kuchagua. Nikawa nazijaribu moja moja asubuhi, huku nabangua karanga. Ngumi, ngumi, harusi ya Kihindi, ngumi. Kisha katuni za zamani, hazina rangi, zina mikwaruzo kama ukuta wa jiko. Akatokea mpishi mnene amevaa kijeshi. Akaacha sufuria wazi. Wakaja nzi.

Nilizima deki. Nikakaa. Nikaiwasha tena. Bado walikuwa na kofia.

Baadaye mwalimu mmoja aliyesoma maandishi ya mwanzo wa kanda alinieleza kwamba wakati wa vita vile, hata wachora katuni waliingizwa kazini na serikali zao. Waliokuwa wakichora paka na panya wakaambiwa sasa chora mbu, chora choo, chora maji ya kuchemsha, maana kuhara kulikuwa kunaua askari hata pasipo na adui. Basi watu wazima, wenye watoto nyumbani, wakashinda mezani wakichora kofia ya nzi, karatasi baada ya karatasi, ili nzi mmoja apige hatua moja. Na babu yangu ndiye aliyelipia kazi yao yote, kwa jina lake.

Kulikuwa na tatizo moja. Babu alikuwa haoni tena. Vikope vilikuwa vimemla macho taratibu, kope zimegeukia ndani, mpaka ukaja ukungu na ukabaki. Watu wa hospitali walimweleza kwamba ugonjwa huo huenezwa na nzi. Babu akasema anajua, aliambiwa Burma.

Sikungoja. Jumapili, baada ya kanisa, nikatangaza picha ya bure. Bure ikitajwa Hombolo hakuna mgonjwa. Wazee niliwaweka mbele, akiwamo aliyeuliza lile swali la shambani. Mtani nikamkalisha benchi la kwanza kabisa. Babu nikampa kiti kando ya televisheni, uso kwa watu. Nikawasha kanda, na maikrofoni sikuishika.

"Mpishi anaimba," babu alisema, akisikia muziki. "Sasa atapiga miayo. Sasa atalala, kofia itamwangukia usoni."

Mpishi akapiga miayo, akalala. Kofia ikamwangukia usoni.

"Nzi mkubwa anatoa darubini. Anaita wenzake. Wanajipanga. Wa mwisho ni mdogo, kofia inamzidi, anajikwaa."

Wa mwisho akajikwaa. Mtani aliacha kutafuna karanga. Yule mzee wa swali la shambani akasema "Kumbe," mara moja, kwa sauti ndogo. Basi. Babu aliisikia na akakaa wima. Mimi nikalia, na sikujificha.

Nzi wakakanyaga chakula, mpishi akaamka, akala, akashika tumbo. Nikamgeukia babu. Alikuwa amenyamaza.

"Endelea, babu," nikasema.

"Sijui kilichofuata," alisema. "Hapa ndipo ndege zilipokuja. Wakazima mashine, tukakimbilia mahandaki."

Muziki ukaendelea. Akasema tena, kama anaongea na magoti yake: "Kombania yetu ilikuwa na mpishi mnene hivi hivi. Kijana wa huku huku kwetu. Jioni ile alikaa kando yangu na tulimcheka sana, tunamwambia ni wewe huyo. Akacheka yeye kuliko sisi. Kulipokucha sikumwona, na niliowauliza hawakunijibu." Akanyoosha kidole kuelekea sauti ilikotoka. "Huyu mpishi wa kwenye shuka amekuwaje?"

Mwisho nilikuwa nimeuona asubuhi ile ya karanga. Lilikuwa kaburi. Kaburi la kuchorwa, lina msalaba na sufuria juu yake, na nzi mkubwa amesimama hapo anapiga saluti. Na sasa lilikuwa limejaa kwenye kioo mbele ya watu wote.

Nikachukua maikrofoni.

"Amepewa dawa," nikasema. "Amepona. Anapanda meli, anarudi kwao."

Babu alifikiri kidogo. Alikuwa ameshaishi miaka mingi mno na watu wasioamini, akajua namna ya kupima neno. Akageuza uso kwenye benchi la kwanza.

"Mnyamwezi," akasema. "Ni kweli?"

Mtani alikuwa anamtazama nzi. Nzi alikuwa bado anapiga saluti.

"Kweli, Mgogo," akasema. "Namwona. Yuko juu ya meli, anakupungia mkono."

Babu akainua mkono wake, akampungia.