Filister na Moshi wa Risasi

Filister alikuwa mtu wa Sindo, na kazi yoyote ya nyavu aliijua tangu utotoni. Mwaka 1963 mumewe aliumwa mgongo akashindwa kuvua tena, ndipo yeye akaenda Homa Bay kutafuta kibarua. Alikipata kwa Bwana Zadock, mzee wa kanisa na mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma nyuma ya soko. Mbele ya kiwanda wanaume walisubu plau. Nyuma, ndani ya banda la mabati lililozibwa pande zote, wanawake saba walivunja betri kuukuu za magari kwa shoka, wakayeyusha risasi, yale madini laini na mazito yaliyokuwa ndani yake, wakaimimina kwenye kalibu kutengeneza vile vipande vizito vya kuzamishia nyavu.

Banda lilizibwa kwa sababu Zadock hakutaka watu waone kazi hiyo. Dirisha hakuna, bomba la moshi hakuna. Moshi wa risasi ukipanda, ulipanda mpaka kwenye mabati ukarudi chini vifuani mwa wanawake. Vumbi la kijivu lilikaa kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye nyoyo, yale mahindi na maharage waliyokula adhuhuri kwa mikono ileile, maana maji ya kunawa yalikuwa ziwani na msimamizi, Mayaka, hakuruhusu mtu kwenda huko saa za kazi.

Aliyefanya kazi pembeni mwa Filister ni Bhoke, mwanamke wa Kikuria aliyetoka upande wa mpakani. Kwa kuwa mmoja hakujua Kijaluo vizuri na mwingine hakujua Kikuria kabisa, walizungumza Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho wakawa ndugu. Bhoke ndiye aliyeshika upawa wa kumiminia risasi. Mwaka wa pili akaanza kulalamika tumbo. Siku tano nzima hapati choo, tumbo linamkaza hadi anajikunja sakafuni. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kulegea.

"Mama Nashon," alimwambia Filister asubuhi moja, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, "hii mkono imekataa. Nikiinyoosha, kiganja kinaanguka tu kama cha mtu amelala."

Juma hilohilo upawa ukamponyoka. Risasi ya moto ikamwagika juu ya mguu wake. Zadock alipoitwa alisimama mlangoni, leso puani, akatazama ule mguu.

"Hii ni chira," akasema. "Huko kwao amevunja mwiko fulani. Apelekwe kwa wazee wake."

"Bwana Zadock, wewe ni mzee wa kanisa," Filister akamjibu. "Leo ndiyo unaanza kuamini chira?"

Zadock alimwambia Mayaka atafute mtu mwingine wa kushika upawa, akaondoka.

Filister alimwegemeza Bhoke begani mpaka hospitali ya misheni. Daktari alifunga mguu, kisha akauliza habari za tumbo, akainua mkono ule uliolegea, akauachia, ukaanguka. Akamwambia Bhoke afungue kinywa. Juu ya ufizi, pale meno yanapoanza, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya buluu. Daktari akageuka.

"Na wewe mama, fungua."

Filister akafungua. Mstari ulikuwepo.

"Hiyo ni sumu ya risasi," daktari akasema. "Mnaivuta na mnaila kila siku. Dawa ya kwanza ni kuondoka kwenye ule moshi. Na kazi hiyo bila bomba la moshi na maji ya kunawa, serikali imekataza. Sheria ipo."

Sheria ipo! Filister alirudi nyumbani akilirudia neno hilo kwa uchungu. Kumbe ilikuwepo siku zote, na mkaguzi wa viwanda alikwisha kuja kutoka Kisumu mara mbili, akapewa kuku na soda, akatazama plau za mbele, akaenda zake. Hata mara moja hakuuliza nyuma kuna nini.

Daktari aliandika barua Kisumu. Baada ya wiki tatu Mayaka aliwaambia wanawake, "Kesho msije. Kuna mgeni."

Filister akaelewa. Kesho yake alivaa gauni la kanisani, akampitia Bhoke aliyekuwa akitembea kwa fimbo, wakaingia kiwandani kwa lango la mbele. Wanaume wa plau walikuwa wamevaa glavu mpya, karatasi ya dukani bado imening'inia kwenye baadhi. Mkaguzi alikuwa kitini, kitabu chake kikiwa magotini.

"Bwana mkaguzi," Filister akasema, "sisi ni wafanyakazi wa hapa. Huyu ameungua mguu, na mkono wake umekufa."

Zadock akacheka kidogo. "Hawa siwajui. Mayaka, lete daftari. Bwana mkaguzi, tafuta jina la Filister humo. Tafuta Bhoke."

Mkaguzi akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Majina hayakuwemo. Wanawake wote saba hawakuwemo. Miaka miwili ya kumeza sumu, na kwenye karatasi hawakuwahi kuzaliwa.

"Mama, hapa kwenye daftari hampo," mkaguzi akasema.

Filister alihisi hasira ikimpanda. Lakini hakupiga kelele. "Sawa, hatumo. Basi inuka uje nikuonyeshe banda la nyuma lina nini."

"Ni stoo tu," Zadock akasema haraka.

"Kama ni stoo, shida iko wapi akiiona?"

Mkaguzi aliinuka. Ndani ya banda walikuta turubai kubwa limefunikwa juu ya kitu, na nyasi kavu juu yake. Filister akalivuta. Tanuri likatokea.

"La zamani," Zadock akasema. "Halijawashwa tangu mwaka jana."

"Bwana mkaguzi, weka mkono hapo ubavuni."

Mkaguzi akaweka, akautoa upesi kama aliyeumwa na siafu. Tanuri lilikuwa limewashwa hadi jana jioni. Akautazama ule mkono wake, akamtazama Bhoke, kisha kwa mara ya kwanza akafungua kitabu na kuandika. Banda likafungwa siku hiyohiyo.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Zadock aliwafukuza wanawake wote bila hata asante. Bhoke alirudi kwao, na alipokuwa Migori akingoja gari alimwona Mayaka akishusha betri kuukuu kutoka kwenye lori, nyuma ya kinu cha unga. Tanuri lilikuwa limehamishwa tu. Akamtafuta mwalimu wa kumwandikia barua, akamtumia Filister.

Filister akaenda Migori, kioo kidogo mkobani. Adhuhuri alisimama njiani wanawake wa banda jipya walipotoka kula. Walikuwa sita, mmoja wao, Priscilla, akiwa na mtoto anayenyonya mgongoni.

"Sitaki kuwauzia kitu," aliwaambia. "Jitazameni ufizi. Ukiona mstari wa buluu, hiyo ni sumu ya ule moshi."

Kioo kikapita mkono kwa mkono. Wawili waliona ule mstari. Priscilla hakuuona, lakini alimshusha mtoto mgongoni akaanza kumpangusa uso kwa kanga, akaona kanga yenyewe ina vumbi, akalia.

Mchana ule hakuna aliyerudi bandani. Zadock alipofika alimkuta Filister amekaa nao chini ya ukuta wa kinu.

"Wewe mwanamke, nilikukosea nini?"

"Mwulize Bhoke. Au umesahau jina lake kwa sababu hukuliandika?"

Filister alimpelekea daktari habari, na barua yake ya pili ilimwomba mkaguzi asitangaze safari. Safari hii alikuja bila kuku wala soda, akaandika majina ya wanawake wote kwa mkono wake, na Zadock akapelekwa kortini. Faini ilikuwa ndogo. Aliilipa akawahi chakula cha mchana nyumbani kwake. Kilichomwuma ni kwamba kwa miezi miwili hakupata mtu Migori wa kugusa betri. Mwishowe alitoboa ukuta, akajenga bomba la moshi refu, akavuta maji, na Priscilla akaliangalia bomba hilo likijengwa kabla hajakubali kurudi.

Bhoke hakulipwa chochote. Karani wa serikali alimwambia kwamba alipoumia hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Mkono wake ulipata nguvu kidogo, lakini vidole viwili havikuinuka tena, akajifunza kulima kwa mkono wa kushoto. Filister alirudi Sindo kukaanga na kuuza samaki. Kila msimu wa kuvuna wimbi alifunga safari hadi mpakani, akalala kwa Bhoke siku nne, akamvunia upande wa shamba ulio na mteremko, ambao mkono mmoja hauuwezi.