Mama Vifungo na Uchochoro wa Nyuma

Huyu ni Mama Vifungo, binti wa fundi saa aliyekuwa akipanda mnara wa stesheni kwa ngazi ya kamba, mjukuu wa mshona mahema aliyeanza kuuza barazani kabla mtaa wetu haujawekwa lami, mjane wa fundi viatu ambaye alikuwa akikutazama tu unavyoingia mlangoni, akakwambia soli ya mguu gani imelika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuza vifungo vya sare za shule zote za mji. Ndiye ambaye mwaka wa mafuriko hakufunga duka. Alikaa juu ya kaunta miguu kaipandisha, maji yakipita chini yake, anauza nyuzi. Jina alilopewa na babake analo, lakini liko kwenye kitambulisho tu. Hata mimi, mke wa marehemu kaka yake, silitumii. Ukimwita kwa jina hilo barabarani hageuki.

Naandika habari zake angali hai, maana sipendi mtu asifiwe wakati hasikii.

Mtaa wetu ni safu mbili za nyumba za ghorofa moja, duka chini, watu juu, na baraza yenye nguzo mbele. Nyuma ya safu yetu kuna uchochoro ambamo milango yote ya nyuma inatokea, kila mmoja na bomba lake na kamba yake ya nguo. Mgeni hujua barabara ya mbele. Sisi mtaa wetu hasa ulikuwa ule uchochoro.

Sababu ni hii. Kwetu neno "hakuna" lilikuwa kama tusi. Mteja akiingia dukani kwako akaulizia kitu usichonacho, humwambii hakuna. Unamvutia kigoda, unamwambia, "Kaa kidogo, kiko stoo," kisha unatoka kwa mlango wa nyuma mbio mpaka kwa jirani anayekiuza, unarudi nacho ukipangusa vumbi ambalo halipo. Stoo yetu ilikuwa mtaa mzima. Mtu alikuja kutafuta uzi akaondoka na uzi, sufuria na picha ya harusi iliyotiwa fremu, na asiinuke kwenye kigoda.

Hakuna aliyekimbia kama Mama Vifungo. Mpiga picha wa duka la pili alipenda kumtania mbele za watu: "Huyu hata ukimwulizia mume, atakwambia kaa kidogo."

"Wewe nilishakuulizia," wifi yangu alikuwa akimjibu, "kila nyumba wanasema wanaye mwingine kama huyo, amekaa bure."

Halafu likajengwa lile jengo kubwa karibu na barabara kuu, lenye ngazi zinazotembea zenyewe na baridi ndani kama mochwari. Kituo cha basi kikahamishiwa huko. Majirani wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kama meno ya mzee. Wa sufuria alikwenda kwa mwanawe. Mpiga picha aliugua, akafa. Kila aliyeshusha mlango wake wa bati alimletea Mama Vifungo ufunguo. "Tushikie, tutarudi." Akazitunga zote kwenye mpira wa sketi, akawa anazivaa kiunoni. Akitembea utadhani ni mlinzi wa jela. Aliyerudi simjui.

Mimi naishi juu ya duka lake. Dirisha langu moja linatazama mbele na jingine nyuma, basi mtaa ulivyokufa niliuona pande zote mbili. Siku moja aliingia mama mmoja akitaka zipu ndefu ya gauni la harusi ya bintiye. Wifi yangu zipu hizo zilikuwa zimemwishia na mleta mizigo alikuwa haji tena. Akamvutia kigoda. "Kaa kidogo, mama, iko stoo." Nikamwona anatoka uchochoroni mbio, kisha anasimama. Kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu, kamba za nguo tupu. Badala ya kurudi akaanza kufungua milango kwa zile funguo, mmoja baada ya mwingine, anachungulia ndani kwenye rafu tupu, kana kwamba kuna aliyesahau zipu. Nikaamua kushuka.

Nilipofika chini mteja alikuwa ameshaondoka, nikamkuta wifi yangu ameinama, amebandika kiganja juu ya kigoda.

"Wifi," akasema, "alipokaa pana joto bado."

Haukupita muda tukaletewa salamu na mwenye majengo. Huyu ni mtoto wa yule mzee aliyekuwa mwenye majengo zamani. Kalelewa humu humu, kapimiwa kaptula yake ya kwanza kwenye kaunta ya wifi yangu. Sasa anataka kubomoa safu yetu yote aweke maegesho ya magari. Tukamwendea ofisini, mimi nimevaa viatu vyangu vya kanisani ili asidhani tumekuja kuomba.

"Mama zangu," akasema, "milango imefungwa. Mnanilindia nini mle, popo?"

"Nikiifungua?" wifi yangu akauliza.

"Uifungue uuze nini?"

"Si mimi. Watu. Wadogo wadogo, wenye ufundi wao, ambao hawana pa kukaa. Waache waingie bure kwanza, mtaa upate sauti."

Akacheka, akatazama dari, akatutazama. "Nusu," akasema. "Mvua zikiisha nitakuja mwenyewe. Nikikuta nusu ya milango iko wazi na biashara inakwenda, ninawaachia. Ikipungua mmoja, tingatinga linaingia."

Tukatoka, wifi yangu mbele. Kufika kona akaniambia, "Wakibomoa, mimi sina mbele wala nyuma. Pale ndipo nilipo." Nikamwambia ajikaze. 

Alizunguka mji mzima kwa miguu, kwa magoti yale yale ya kizee. Alimtoa fundi cherehani chini ya ngazi ya nyumba ya shangazi yake: msichana mrefu, mkali wa maneno, anayeshona sidiria za wanawake ambao kule jengo kubwa huambiwa saizi zao zimekwisha. Alimleta mwoka mikate aliyefukuzwa kiwandani. Akamwokota fundi simu aliyekuwa akifanya kazi juu ya kasha pembeni ya barabara, jua lote la kwake. Akaja kinyozi, akaja mzee wa baiskeli. Kila aliyekuja alipewa ufunguo na somo lile lile: "Hapa hatusemi hakuna."

"Na kama hakuna kweli?" fundi cherehani akauliza.

"Basi kimbia zaidi."

Na nisiwe mwongo, mtaa ulianza kupumua. Asubuhi harufu ya mkate ilipanda mpaka kitandani kwangu. Jumamosi wanawake walisimama barazani wakisubiri kupimwa, wakicheka kwa sauti ambazo sikuzisikia miaka mingi. Lakini katikati ya wiki ilikuwa kimya, na mwoka mikate alirudi nyumbani na mikate ile ile aliyooka asubuhi. Na mvua zilikuwa zinakwisha, na tulipungukiwa na mlango mmoja.

Mlango ulikuwepo. Ni duka la viatu la marehemu mumewe, ukuta mmoja na lake. Ufunguo wake hakuutunga kwenye mpira na wenzake, aliuweka kifuani. Ndani kuna kiti chake, aproni yake ya ngozi ikining'inia, na zile kalibu za mbao zenye umbo la miguu ya watu ambao wengi wao wamekwishazikwa.

"Wifi," nilimwambia, "mpe mtu."

"Ule si mlango. Ni yeye."

"Yeye hawezi kumzuia tingatinga."

Akaushika ufunguo kifuani, akaingia dukani kwake. Ila asubuhi ya siku ya ukaguzi niliona mlango wa viatu umepandishwa, kiti kimepanguswa, kimewekwa katikati. Mtu hayupo. Alidhani mlango ukiwa wazi umetosha. Nikamtazama, akageuza uso.

Mwenye majengo alikuja na dereva na karani wake. Amevaa koti zito kwenye joto lile, kifungo cha katikati kinaning'inia kwa uzi mmoja. Mafundi wote walikuwa wamesimama milangoni roho mkononi. Sasa sikilizeni yaliyotokea, maana nilikuwa juu nikikimbia kutoka dirisha moja hadi jingine, na nisiyoyaona nilisimuliwa baadaye.

Bwana mwenyewe alikuwa na kiu. Akamwuliza mwoka mikate kama ana maji baridi. "Kaa kidogo, mzee, yako stoo!" akaruka mlango wa nyuma kwenda kwa kinyozi, ambaye ana friji. Lakini kinyozi alikuwa ameulizwa na dereva chaja ya simu, naye kesha kwenda mbio kwa fundi simu. Fundi simu naye, karani alikuwa amemwuliza kitambaa cha kufutia miwani, basi amekimbilia kwa fundi cherehani. Fundi cherehani, msichana wa watu, kaulizwa na mama aliyekuwa akipita tu kama anauza mkate. Mzee wa baiskeli hakuulizwa na mtu, lakini alipoona wenzake wanakimbia naye akakimbia.

Kila mmoja alifika kwa jirani akakuta jirani hayupo. Uchochoroni walikuwa wakipigana vikumbo, "Maji yako wapi?" "Chaja!" "Nani ana kitambaa?" Na mbele, kwenye barabara, milango iko wazi yote, na ndani ya duka hata moja hamna mtu.

Mmoja tu alibaki, Mama Vifungo. Mwenye majengo akamfikia, amekunja uso.

"Na wewe huna kitu?"

"Nini unataka, mwanangu?"

Akamwonyesha koti. Wifi yangu akafungua droo bila kutazama, akatoa kifungo kile kile, rangi ile ile. Nilisikia kwenye sakafu yangu jinsi alivyoipiga droo kwa furaha.

"Na mtu wa kukishona?"

Mikono ya wifi yangu ilikuwa inatetemeka tangu alfajiri. Uzi usingeingia kwenye tundu la sindano. Angeweza kumwambia hivyo. Badala yake akavuta kigoda. "Kaa kidogo."

Uchochoro ulikuwa umelowa maji ya nguo. Nilimwona anatoka mbio kumtafuta fundi cherehani, kifungo kimefumbatwa, nikaona mwoka mikate anatoka upande wa pili kichwa chini. Nikapiga kelele. Walikutana pale penye bomba. Yule ni kijana wa unga na tanuri, mzito. Wifi yangu alikwenda chini kama nguo iliyokatika kamba. Mlio wa mfupa niliusikia toka juu. Sitaki kuueleza.

Nikakimbilia dirisha la mbele. Mwenye majengo amechoka kusubiri, katoka, anatembea mlango kwa mlango. Tupu. Tupu. Akafika kwa fundi viatu, akatazama kiti na aproni.

"Wananifanyia maigizo," akamwambia karani. "Washa gari."

Nilishuka ngazi. Nikapita uchochoroni, wifi yangu amelala kwenye maji, watu wamemzunguka. Akanifumbulia kiganja. "Kipeleke," akasema. "Usinishike mimi. Kipeleke."

Nikapitia dukani kwa wifi kuchukua sindano na uzi, nikamkuta mwenye majengo ameshika mlango wa gari.

"Wewe mtoto, simama hapo."

"Mama, nina haraka."

"Na mimi nina miaka mingi. Simama." Nikatunga uzi, nikashona kifungo koti likiwa mwilini mwake, dereva akitazama pembeni. Nilishona taratibu kwa makusudi. "Unasema maduka hayana watu," nikamwambia. "Ulipokuwa mdogo ukilia kutaka kitu, watu wa mtaa huu walikuwa wanakwenda wapi?"

Akashusha macho kwenye kifungo. Nikakata uzi kwa meno. "Basi nenda nyuma ukaone walipo."

Alikwenda. Walikuwa wamemlaza wifi yangu juu ya ubao wa kukandia unga, kinyozi kichwani, fundi simu miguuni, mzee wa baiskeli ameshika friji nzima ya kinyozi kwa sababu hakupata mtu wa kumwomba chupa moja. Hakuna aliyecheka. Mwenye majengo aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akatoa gari lake limpeleke hospitali.

Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Kabla hajaondoka aliniambia, "Mpaka mvua zijazo. Ila ule mlango wenye kiti kitupu sitauhesabu. Nikirudi nikaukuta hivyo, neno langu ni lile lile."

Nyonga haikuunga. Daktari amesema hatasimama tena. Yuko chumbani kwangu sasa, karibu na dirisha la nyuma, na anauma meno ili nisisikie maumivu yake. Mwoka mikate haongei na mtu. Kinyozi siku nyingine hafungui. Juzi nikasikia fundi cherehani amepata kona kule jengo kubwa. Nikamwona anafunga cherehani yake kwa kamba. Akiondoka huyo, Jumamosi zetu zimekwisha, na sisi nazo.

Mama Vifungo akaniambia nimwite. Msichana akapanda, akasimama mlangoni, macho mekundu.

"Mama, nilikuwa nije kuaga."

"Sogea." Akaingiza mkono kifuani, akatoa ule ufunguo, akambandika kiganjani na kumkunja vidole. "Nitafutie fundi viatu. Mtu wa kukaa kwenye kile kiti. Aproni atavaa ile ile, ndiyo saizi ya kila mtu. Kalibu asitupe hata moja."

"Mimi?"

"Magoti yako unayaona. Yangu unayaona."

"Mama, mafundi viatu siku hizi ha..." Akafunga mdomo. Alimtazama wifi yangu, akautazama ufunguo. Midomo ilikuwa ikimcheza, sikujua kama ni hasira au kilio.

"Kaa kidogo, mama," akasema.

Akashuka kwa ngazi ya nyuma. Wifi yangu akageuza kichwa dirishani, akishika ukingo wa shuka, akisikiliza kama yule msichana anakimbia.