Uvimbe wa Upande wa Mama

Siku hizi za ruksa, serikali ilipofungulia kila biashara, hata daktari ana kibao chake barabarani. Juzi nilikuwa kwenye zahanati moja ya binafsi hapa mjini Morogoro, nimekaa kwenye benchi karibu na mlango usiofungika, nikasikia na kuona yote. Umbea si wangu, ni wa fundi seremala.

Ndani alikuwamo mama mmoja muuza karoti kutoka milimani Uluguru, pamoja na mumewe. Daktari aliwaambia kwamba uvimbe wa shingoni mwa mama huyo ni saratani ya tezi, ugonjwa unaowapenda zaidi wanawake. Seli zake zina vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, na inashukiwa homoni hiyo ndiyo inayouchochea.

"Apasuliwe mapema. Nani anatia saini fomu ya kuruhusu?"

Mume akainua mikono kama aliyeelekezewa bunduki. "Dokta, sisi Waluguru mambo yetu hufuata upande wa mama. Na uvimbe wenyewe, wewe umesema ni wa kike! Mimi hapa mgeni tu. Tumsubiri mjomba wake amalize kuvuna maharage."

Mama akaivuta kalamu. "Baba watoto, shamba ni la ukoo. Shingo ni yangu."

Akasaini taratibu, herufi moja moja, ulimi nje.

Ruksa nyingine zote nilizisikia redioni. Hii nimeiona ikiandikwa.